Mbuzi Wawili wa Misima

Mume wangu Yordani ni mwinjilisti, na ubishi wake ungekuwa mahindi tungelisha tarafa nzima. Tulishuka kutoka Dindira mwaka 1975, tukapelekwa kijiji cha ujamaa karibu na Misima. Nyumba ya Wakristo ilikuwa moja tu, yetu. Jumapili tulisali barazani, mimi, yeye na kuku. Askofu alikuwa ameshasema: msipopata kiwanja cha kanisa kufikia Pasaka, rudini. Mimi ningerudi hata kwa miguu, lakini Yordani angekufa kwa aibu.

Kiwanja kilikuwa mikononi mwa halmashauri ya kijiji, basi nikamshauri tuwaalike watu Krismasi. Baba yangu alikuwa ametupa mbuzi wawili. Nikamwambia, mmoja mpelekee Mzee Mdoe, mwenyekiti, amchinje yeye, Waislamu wapate kula. Hilo hata mtoto analijua. Akanihubiria nusu saa nzima, kwamba kwao baba yake alichinja mwenyewe maisha yake yote, kisha akachukua kisu.

Wakaja watu arobaini, kanzu zimefuliwa zikatakata. Wakanawa mikono. Mzee Mdoe akauliza taratibu, nani kachinja?

"Mimi mwenyewe, kwa jina la Yesu," akajibu Yordani, kifua mbele.

Jamani! Hakuna aliyegomba. Walikunywa maji, wakashukuru, wakaenda zao. Nikabaki na masufuria mawili ya pilau na mwanamume anayelalamika kwamba watu wamemkataa Kristo. Nikamwambia hawajamkataa Kristo, wamemkataa mbuzi wako. Tukanuniana siku tatu.

Wiki ya pili alipokwenda Handeni kwa baiskeli, nikamkokota mbuzi aliyebaki hadi kwa Mzee Mdoe. Akachinja, wala hakuuliza neno. Nikaalika upya, kina mama wakaja kunisaidia kupika. Yordani aliporudi alikuta uwanja umejaa watu, akataka kujua aliyechinja. Nikamwambia ukweli.

"Nyama hii sili," akasema mbele ya wote.

Looh! Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kutamani kumpiga mtu mwiko kama siku ile. Nikajua kiwanja ndiyo basi tena.

Bibi Mwatumu, jirani yetu, akainuka polepole, akamwekea bakuli lililofunikwa.

"Tulijua hutaila, mwanangu. Nimekupikia kunde nyumbani kwangu. Kunde hazichinjwi."

Watu wakacheka. Yordani akakaa mkekani katikati ya wazee, akala. Mzee Mdoe akamwambia Jumamosi aje na panga, wakafyeke mahali pa kanisa.

Mimi sikucheka. Niliona haya mpaka nikainamia sufuria. Krismasi tuliwaita watu arobaini, nikijua fika kwamba hawatakula, na sikuwapikia hata kunde za mtu mmoja. Kisu alishika Yordani, lakini mpishi nilikuwa mimi.