Mtandio Nyuma ya Mpira

Kazini walimwita Jembe, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa sifa. Alikuwa fundi wa lifti, na ikikwama lifti yoyote yenye watu ndani, yeye ndiye aliyeitwa. Aliishusha taratibu kwa mkono mpaka mlango ukafunguka na watu wakatoka wakimshukuru Mungu kwanza, kisha yeye. Lakini mwaka uliopita, kwenye mchezo wa gofu ambao kampuni huwaandalia wateja wake mara moja kwa mwaka, jina liligeuka maana. Jembe alipiga kwa nguvu zake zote, mpira ukabaki palepale unamtazama, na bonge la udongo na nyasi likaruka likatua kwenye kiatu cha mteja mkubwa kuliko wote.

"Huyu jembe kweli!" mtu akasema nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Tangu siku hiyo alijiapiza. Kila Alhamisi, ambayo ndiyo siku aliyokuwa akitoka kazini saa saba mchana, alikwenda kwenye uwanja wa mazoezi, akachukua ndoo mbili kubwa, jumla mipira mia na hamsini, akasimama kwenye mkeka wa nyasi bandia na kuipiga yote karibu bila kupumua. Mmoja ukipinda kushoto, kabla haujatua alishautuma mwenzake uufuate. Alirudi nyumbani viganja vimechubuka, shati limelowa jasho, na moyo umetulia kama wa mtu aliyetimiza wajibu. Mwaka ulikaribia kwisha na yeye alikuwa mbovu vilevile, ila sasa alikuwa mbovu mwenye misuli.

Ndipo mama mkwe akaja kutibiwa macho.

Mtoto wa jicho alikuwa ametanda pande zote mbili. Watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa ndani ya ukungu, akawatambua kwa sauti na kwa hatua zao. Alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, miaka thelathini na nne akifundisha kwaya katika chuo cha ualimu, mwanamke mnyoofu asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kuwa na haja hiyo. Jembe alimwogopa tangu siku ya kwanza alipopelekwa kutambulishwa. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, mazungumzo yao hayakuvuka "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu", habari za watoto na habari za mvua. Yakiisha hayo, kila mmoja alitafuta pa kupitia.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulikuwa ufanyike wiki ileile aliyofika. Lakini mama mkwe alisema hospitali imempigia simu, mashine imeharibika, asubiri mpaka aitwe. Akawa anashinda sebuleni, uso ameuelekeza dirishani.

"Alhamisi umtoe mama nje apunge upepo," mke wa Jembe akasema. Yeye alikuwa wa maabara, na zamu zake hazikumpa nafasi.

"Alhamisi niko mazoezini."

"Basi nenda naye."

"Mke wangu, gofu mtu anapiga ameinama, makalio nje. Mbele ya mama mkwe?"

"Haoni," mkewe akajibu, akibeba begi lake. "Na angeona pia, asingekufa."

Basi Alhamisi ikafika, na mama mkwe akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, hatua nne nyuma ya mkeka, mtandio wa rangi ya zambarau mabegani. Jembe alijaribu kupiga akiwa amesimama wima kama mlingoti, kwa heshima. Ikashindikana. Mwishowe alisema moyoni na liwe liwalo, akainama, akaanza kumimina mipira kama kawaida yake.

Alikuwa amefika kama mpira wa arobaini aliposikia sauti nyuma yake.

"Huo wa sasa ulikuwa mzuri."

Jembe akageuka. Kweli, katika arobaini yote ule ndio pekee ulioruka ukanyooka, ukapita kibao cha mita mia. "Mama, umeuona?"

"Nione wapi? Nimeusikia. Mingine yote inatoa milio miwili, du-ta. Fimbo inagonga chini kwanza, halafu mpira. Huo umetoa mlio mmoja. Ta." Akaegemea mbele. "Ulifanya nini tofauti?"

Jembe akafikiri. "Sijui, mama."

"Kwa nini hujui?"

"Nilikuwa nimeshauchukua mwingine."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, namna ambayo bila shaka iliwatoa jasho waimbaji wake kwa miaka thelathini na nne. "Imebaki mingapi?"

"Mia na kidogo."

"Rudisha, bakiza thelathini."

Kumbishia mkuu wake wa kazi Jembe aliweza. Kumbishia huyu hakuweza. Akarudisha ndoo kaunta, dada wa pale akamtazama kama aliyerudisha chakula mezani kabla hajala.

"Nilikuwa na kijana mmoja wa sauti ya tatu," mama mkwe alisema Jembe aliporudi. "Sauti nzuri ajabu, lakini kuna mahali pamoja kwenye wimbo alikuwa anaporomoka. Kila mazoezi tuliimba wimbo mzima kuanzia juu, na kila mara anaporomoka palepale. Mwaka mzima. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa namfundisha kuporomoka. Alishakuwa hodari wa kuporomoka kuliko mimi wa kufundisha. Nikampa maneno mawili tu, ayaimbe polepole, siku tano. Basi. Sasa wewe, kwa mipira yako mia na hamsini ya kila wiki, unajifundisha nini?"

Jembe akautazama mkeka chini ya miguu yake.

"Uliza huo mkeka. Ukigonga chini kwenye mkeka, fimbo inateleza na mpira unakwenda, unajiona umepiga. Kwenye udongo je?"

Kwenye udongo Jembe alikumbuka vizuri sana. Akakumbuka na kiatu.

Mama mkwe akavua mtandio mabegani, akaukunja mara nne. "Uweke nyuma ya mpira, umbali wa kiganja kimoja. Piga mpira, usiuguse mtandio wangu. Huu nilipewa na kwaya yangu siku niliyostaafu."

Jembe akauweka mtandio nyuma ya mpira. Fimbo ya chuma, mtandio wa mama mkwe, tena wa kumbukumbu! Mpira wa kwanza aliupiga kwa woga hata ukabingirika mita kumi. Wa pili akarudisha fimbo mpaka kiunoni tu. Wa tatu vilevile. Wa nne ukasema, ta.

"Enhe," mama mkwe akasema. "Simama hapo hapo. Ulifanya nini?"

"Uzito niliupeleka mguu wa mbele kabla sijapiga."

"Haya. Sasa toka kwenye mkeka, vuta pumzi, halafu niambie unataka mpira uende wapi kabla hujarudi. Mimi sioni, kwa hiyo lazima uniambie."

Mipira thelathini iliwachukua saa nzima. Kila mpira aliusemea: huu naulenga kibao cha hamsini, huu naulenga bendera nyekundu. Kila ukitua alimweleza ulikokwenda, bila kujipendelea, kwa sababu sikio lile lilishajua. Walipomaliza alikuwa amechoka kichwa kuliko mikono, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Ikawa desturi. Alhamisi ya pili walirudi, na Jumapili jioni pia. Mipira kumi na tano ya mwisho ya kila zoezi ilikuwa ya mchezo wa kujifanya: Jembe alilikumbuka shimo la kwanza la uwanja wenyewe, akachukua fimbo ndefu, kisha fupi, kisha fupi zaidi, wala hakurudia fimbo moja mara mbili mfululizo, maana uwanjani hakuna anayekupa mpira wa pili ukikosea wa kwanza. Njiani kwenye gari sasa waliongea. Kidogo, lakini si mvua tena.

Alhamisi ya tatu Jembe akavimba kichwa. Alikuwa amepiga mitano mfululizo ya mlio mmoja, akajiona amefika. Wa sita hakuusemea. Aliukusanyia nguvu zake zote za zamani, na fimbo ikashuka ikanasa mtandio, ikaurusha mbele ya mkeka ukiwa umechanika katikati.

Jembe akaganda. Aliuokota kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota ndege aliyegongwa na gari. "Mama. Nimeuchana. Nisamehe sana."

"Ulete."

Akampa. Vidole vya mama mkwe vikatafuta tundu, vikalizunguka. "Ulikuwa unawaza nini?"

Angeweza kudanganya. "Nilikuwa nawaza Jumamosi ya wiki ijayo, mama. Ule mchezo wa kampuni. Nilikuwa nawaona wananicheka, nikataka kuwanyamazisha wote kwa mpira mmoja." Akakaa chini pale pale, kwenye ukingo wa mkeka. "Miaka ishirini naheshimika kwa kazi yangu. Sikujua kicheko cha dakika moja kinaweza kumkalia mtu mwaka mzima. Naogopa, mama. Ni mambo ya kitoto, lakini naogopa."

Mama mkwe aliendelea kulipapasa lile tundu. Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa anapiga harakaharaka, du-ta, du-ta.

"Ile mashine haijaharibika," akasema.

"Mashine gani?"

"Ya hospitali. Hawakunipigia wao. Niliwapigia mimi, nikaomba wanisogezee tarehe. Nimesogeza mara mbili." Mikono yake ilikuwa bado kwenye tundu la mtandio. "Ukungu nimeuzoea, mwanangu. Najua kuishi ndani yake. Wakikosea, ukungu wenyewe je, sitaukosa? Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote bila kutetemeka, na nashindwa kulala kitandani nusu saa nichomwe jicho. Nitamwambia nini binti yangu?"

Jembe alimtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuona mama mkwe. Aliona mtu aliyekwama kati ya ghorofa mbili, na watu wa namna hiyo aliwajua kuliko mtu yeyote.

Mtu aliyenasa kwenye lifti humwambii asiogope. Haisaidii. Jembe alichokuwa akifanya ni kuita kupitia mlangoni na kumweleza jambo moja linalofuata: sasa utasikia mlio, ni mimi nafungua breki, sasa utahisi kama unashuka kidogo, ni sawa, sasa taa itazima. Jambo moja, halafu jingine.

"Mama," akasema, "lifti za hospitali ile nazihudumia mimi. Macho ni ghorofa ya tatu. Kesho hatuendi kupasuliwa. Tunapanda, tunakaa kwenye benchi, tunamuuliza muuguzi wanaanza na nini. Tunarudi nyumbani kunywa chai."

"Hivyo tu?"

"Kesho, hivyo tu."

Wakaenda. Muuguzi, mama mnene mcheshi, aliwaeleza hatua kwa hatua: matone ya ganzi, kitambaa usoni, mwanga mkali, baridi ya maji, sauti ndogo kama ya nyuki. Dakika ishirini. Mama mkwe alimrudisha nyuma kwenye ile sauti, akataka kujua ni ya juu au ya chini. Muuguzi akajaribu kuiiga, "nzzz", wote watatu wakacheka mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Kabla ya kuondoka mama mkwe alikubali tarehe ya Jumanne, na jioni ile alimwambia binti yake ukweli wote mwenyewe. Binti alinuna dakika tano, akalia mbili, kisha akabadilisha zamu ili Jumanne awe huru.

Jumanne Jembe alikaa nje ya chumba cha upasuaji na mkewe. Alijua kila hatua, akawa anamnong'onezea: sasa matone, sasa kitambaa, sasa yule nyuki. Jumatano asubuhi wakaondoa bandeji. Mama mkwe alipepesa, akatazama dari, akatazama vidole vyake, akamtazama binti yake kwa muda, akamshika shavu. Kisha akamgeukia Jembe.

"Kumbe una mvi!"

"Za muda mrefu, mama."

"Hakuna aliyeniambia," akasema, kama mtu aliyeibiwa, halafu akatabasamu mpaka mikunjo yote ya uso ikahama.

Mchezo ulikuwa Jumamosi. Mama mkwe alikatazwa vumbi, akabaki nyumbani na matone yake. Jembe alipangiwa kundi moja na yule mteja mkubwa, ambaye aliangalia viatu vyake waziwazi, akarudi nyuma hatua tatu. Watu wakaguna kwa kicheko. Jembe alisimama nyuma ya mpira, akavuta pumzi, akajisemea anakotaka uende. Akapiga. Ta. Haukwenda mbali, lakini ulinyooka, ukakaa katikati ya nyasi fupi kama mtu aliyealikwa.

Siku haikuwa ya miujiza. Mpira mmoja ulizama kwenye bwawa, miwili ilipotelea vichakani, na shimo la saba alilimaliza kwa mapigo tisa. Lakini mwaka uliopita alipiga mara mia na arobaini na mbili, safari hii mia na tisa, na kwenye gofu mapigo machache ndiyo ushindi; tena udongo ulikaa ulipopangiwa.

"Nani anakufundisha?" mteja akamuuliza wakinawa mikono.

"Mama mkwe wangu."

Mteja akacheka, akamgonga begani. Aliona ni utani mzuri.

Nyumbani Jembe hakubadilisha hata viatu. Mama mkwe alikuwa mezani, akamvutia kiti. "Anza na shimo la kwanza," akasema. "Usiruke."

Akaanza. Kopo la sukari likawa bwawa, vijiko vikawa miti, kifuniko cha birika kikawa bendera. Walipofika shimo la saba mama mkwe alimsimamisha. Hapana, mwanangu, rudi nyuma, hapo kabla ya pigo la nne ulisimama ukavuta pumzi au uliunganisha? Jembe akakiri aliunganisha. Mkewe alitoka jikoni, akasimama mlangoni na sahani mkononi, akawatazama wawili hao walioinamia vijiko.

"Nyie mlianza lini kuongea hivi?"

"Subiri kwanza," mama yake akasema bila kuinua kichwa. "Tuko kwenye la saba."