Siku ya Kumwaga Oili

Jumamosi asubuhi Hezekia aliliwasha lori la kijiji, akaliacha lingurume mpaka injini ipate moto, kisha akalizima na kujilaza chini yake na spana na karai. Ndivyo alivyofundishwa na fundi Mwinshehe wa Kilosa: oili baridi hung'ang'ania uchafu wake, ya moto hushuka nao. Itiwe oili nzito ya namba arobaini, kwa sababu ya joto la bondeni na uzito wa magunia, na imwagwe kila maili elfu tatu. Hezekia alikuwa mtu wa kesho-kesho katika mambo mengi, lakini katika hilo hakuwa na mzaha.

Akafungua nati ya kumwagia oili. Yakatoka maji.

Yalikuwa maangavu, na baridi ya kuuma vidole. Kwanza alidhani gasketi imekwisha, maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Lakini maji ya gasketi hukorogana na oili yakawa kama chai ya maziwa, na haya yalionyesha mpaka kutu ya chini ya karai. Kaa mdogo wa mtoni akatoka pamoja nayo, akaparamia ukingo wa karai, akaenda zake kombokombo. Oili haikuwemo.

Mama yake, Raheli, aliyekuwa akichambua kunde kivulini mwa lori, alichovya kidole akalamba.

"Haya ni ya nyuma ya kanisa," akasema, akaenda kuchukua ndoo.

Alimaanisha chemchemi ya kwao, kule milimani upande wa Mamboya. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni, watu wa kule waliteremshwa wote kuja kwenye kijiji hiki kipya cha Juhudi, jirani na mashamba ya mkonge ya Kimamba. Aliyewateremsha ni Hezekia, kwa lori hilihili, maana ndiye aliyekuwa na leseni. Mama yake alipanda akiwa amejitwika mlango wa nyumba yake. Paa mgambo walikuwa wamekwisha kuling'oa, asije akapata wazo la kubaki.

Waliahidiwa pampu. Pakajengwa jukwaa la saruji la kuiweka, zuri kabisa, na wazee wakawa wanachezea bao hapo. Maji yalichotwa mtoni. Tumbo la kuhara lilikuwa limekwisha kuzika watoto, na mmoja alikuwa wa dada yake Hezekia. Jambo hilo alilikumbuka kila aliposhika usukani.

Siku hiyo maji ya lori hayakukatika mpaka ndoo ya mwisho ya kijiji ilipojaa. Hezekia akafunga nati, akatia oili mpya, akaenda kula.

Jumamosi iliyofuata ndoo zilipangwa mapema kuliko jogoo. Akafungua nati, ikatoka oili, mbichi bado, rangi ya asali. Ikabidi waichuje kwa kanga na kuirudisha. Ndipo wakaelewa kwamba maji huja oili ikishachoka tu. Basi lori likaanza kutafutiwa safari. Lilipeleka gunia moja la mahindi Kilosa, likarudi nalo. Lilimpeleka mwenyekiti Kimamba kunyoa ndevu, naye hakuwa na ndevu za kutosha kwa safari hiyo. Watu walilisindikiza kwa macho, wakiliombea uchakavu.

Kamati ya kijiji ikachoka kungoja, ikamtuma Hezekia kwa Mwinshehe akaulizie oili inayoharibika upesi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Miaka yote nakuhubiria oili nzuri, leo unataka mbovu?"

"Watoto wanaugua, fundi."

Mwinshehe akafuta mikono, akamtolea dumu la oili aliyoimwaga kutoka kwenye magari ya watu. "Hii imechoka kabla hujaitia. Injini italia, usije kunililia mimi."

Injini ililia kweli. Maji nayo yalikuja upesi, lakini yalikuja na tope na harufu ya ng'ombe, kutoka kule chini ya chemchemi walikokuwa wakinyweshea mifugo. Raheli aliyatema. Wakarudi kwenye namba arobaini na maili zake, na wakati wa kungoja waliendelea kuchota mtoni.

Habari zikafika ofisini wilayani. Akaja bwana mmoja wa mipango, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akaiwahi siku ya kumwaga. Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu, akasema hajapata kunywa maji matamu namna hiyo tangu aanze kazi. Kisha akaitisha mkutano.

"Kijiji hiki kina maji," akawaambia. "Pampu yenu itakwenda kwa wenzenu wasio na maji. Ninyi mtaletewa oili na dizeli, lori liwe linakwenda Mikumi na kurudi mpaka maili zitimie."

Watu walipiga makofi, kama ilivyo kawaida ya mikutano. Hezekia akanyoosha mkono.

"Ndugu, kama ni maili tu, si lipande Mamboya? Niwapeleke watu wakachote wenyewe, jioni niwarudishe."

"Ndugu dereva, hawa wakifika kule watarudi?"

Hezekia alifikiri. "Hawatarudi," akasema.

"Basi Mikumi. Na liende tupu."

Jumatatu alimkuta mama yake amekaa nyuma ya lori, amevaa gauni la kanisani, mlango ameulaza mapajani. Mgambo mmoja alikuwa amesimama kando ya lori, bunduki begani.

"Shuka, mama," mgambo akasema kwa adabu. "Huko Mamboya haturuhusiwi."

"Maji yameruhusiwa kutoka kule kuja hapa," Raheli akasema. "Mimi nimekosa nini? Hezekia, washa gari."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Hezekia. Alitamani kuliwasha, na njia ya Mamboya aliijua hata kwa kufumba macho. Alimtazama mgambo, na mgambo alitazama chini.

Kisha Hezekia akapanda nyuma, akaupokea mlango, akamshika mama yake mkono akamteremsha. Raheli aliuchukua mlango wake akajitwika.

Hezekia akapima oili. Bado ilikuwa safi. Akaenda Mikumi na lori tupu, akarudi, na kesho yake akaenda tena.