Chumba cha Chini

Msanifu aliingia ofisini viatu mkononi, miguu imejaa vumbi la saruji, na Rula alipomtupia jicho tu akajua mambo yameharibika. Rula alikuwa mwenzake katika ile ofisi ndogo ya kuchora nyumba za watu, vyumba viwili juu ya duka la rangi. Jina hilo alilipata chuoni kwa kutembea amenyooka kama aliyemeza rula. Siku hiyo alikuwa amejikunja kidogo.

"Umetoka saiti kwa kaka yako," akasema.

"Chumba cha mama yangu kiko wapi?"

Hilo halikuwa swali la mchezo. Mama alikuwa ameuza nyumba yake, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe, akampa mwanawe wa kiume kila kitu amalizie ghorofa lake. Tangu hapo alikuwa amejibanza kwa mama mdogo, akisubiri. Na makubaliano yenyewe yalikuwa mepesi, hata mtoto wa chekechea angeyaelewa: Mama atapewa chumba chini, maana magoti yake na ngazi havielewani tena. Msanifu ndiye aliyekichora. Miaka yote alikuwa akichorea watu matakwa yao, huyu anataka jiko lionekane sebuleni, yule anataka kabati la viatu liwe na taa ndani, naye anachora na kunyamaza. Lakini kile chumba alikichora kwa roho yake yote. Mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, dirisha upande wa jua la asubuhi.

Basi leo amepita saiti kutupa jicho, kwa kuwa alasiri Mama alikuwa analetwa kuonyeshwa chumba chake, na amekuta nini? Kioo ukuta mzima. Zulia la mpira. Mashine za mazoezi zimefungwa kwa bolti sakafuni. Eti chumba cha mazoezi! Na Mama je? Mama kahamishiwa uani, nyuma ya pampu ya maji, kwenye kijumba ambacho yeye Msanifu alikichora kwa ajili ya jenereta. Choo uvuke ua. Jamani, watu wana roho ngumu.

"Kaka yako alibadilisha," Rula akasema. "Nikachora alichotaka."

"Ukanizunguka."

"Sikukuzunguka. Hukuuliza." Rula akaweka kalamu chini. "Na utaratibu ni wako. Kazi ya ndugu inasimamiwa na mwenzako, wewe unakaa pembeni. Si ulisema hivyo?"

Alisema. Hapo ndipo palipomuuma. Zamani kidogo aliwahi kumchorea shangazi yake nyumba, wakagombania rangi ya paa mpaka shangazi akakata mguu kwake. Ndipo akaweka sheria pale ofisini: michoro ya ndugu ikishapitishwa, husogei saiti, huulizi, ili undugu ubaki undugu. Akajisifu nayo kwa kila aliyemsikiliza. Sasa sheria yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia, na hakuna kinachopandisha hasira kama kurudishiwa maneno yako na mtu ambaye hajakosea kuyanukuu.

"Nilikwambia usimamie ujenzi. Sikukwambia umtupe mama yangu kwenye kijumba cha jenereta."

"Nilimsikiliza mteja. Mteja ni kaka yako. Mama yako sijapata kumwona kwenye kikao hata kimoja. Ungeniambia nyumba ni ya watu wawili, ningeuliza wawili."

Msanifu alitamani kurusha kitu. Akatazama mezani, akaona ni mifano ya nyumba tu, imetengenezwa kwa kadibodi, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaiacha. Akavaa viatu bila kupangusa vumbi.

"Mimi na wewe bado hatujamalizana," akasema, akashuka ngazi.

Alifika saiti gari la kaka yake likisimama. Mama alikuwa kiti cha mbele, kavaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Wifi alikuwa nyuma, tabasamu limembana. Msanifu akamsaidia Mama kushuka, na kaka akawahi kushika mkono wa pili.

"Tupite huku, Mama," kaka akasema, akamwelekeza kwenye njia ya pembeni. Asimpitishe mlango mkubwa, unaona? Alijua anachokificha. Mama akaenda polepole, mkono mmoja ukutani, akisifia ukuta, akisifia madirisha, mpaka uani. Kaka akafungua kale kamlango.

"Hapa utakuwa na utulivu wako, Mama. Huru kabisa. Hakuna wa kukusumbua."

Pampu ikaanza kunguruma, kaka ikabidi apaze sauti kuyamalizia maneno hayo ya utulivu. Mama akachungulia ndani. Akatazama dirisha dogo lililokuwa juu karibu na dari. Akatazama choo, ng'ambo ya ua.

"Pazuri, mwanangu," akasema. "Asante."

Hiyo asante ndiyo iliyompasua Msanifu. Angelia Mama, angelalamika, labda Msanifu angejizuia. Lakini kushukuru!

"Asante ya nini?" akafoka. "Mama, chumba chako kimo ndani, kimejaa vyuma vya huyu. Amekuuzia maneno, akala nyumba yako. Kaka, huna haya? Mama aliyekubeba mgongoni unamweka na pampu?"

"Wifi, taratibu," mke wa kaka akanong'ona. "Mafundi wanasikia."

"Wasikie. Wao ndio waliojenga."

"Usinifokee kwangu," kaka akasema, mishipa ya shingo imemtoka. "Daktari ameniambia nifanye mazoezi. Unataka nife?"

"Barabara yote hiyo iko nje. Kakimbie."

Fundi mmoja akacheka, akageuza kicheko kikohozi.

"Nyamazeni," Mama akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na alimtazama binti yake kwanza, si mwanawe.

"Wewe. Mara ya mwisho ulikuja hapa lini, kabla ya leo?"

"Mama, ofisini tuna utaratibu kwamba..."

"Nimekuuliza lini."

Msanifu akaangalia vumbi miguuni mwake. Hakuwahi kuja. Tangu msingi unachimbwa hakuwahi kuja, na alikuwa amejiona mwerevu.

"Kila wiki nilikuwa nauliza chumba kimefikia wapi," Mama akasema. "Wewe unaniambia muulize kaka. Kaka ananiambia dada yako ndiye mchoraji, anajua. Mimi nikawa naulizia nyumba yangu kama mgeni anayeulizia njia." Akageuka. "Na wewe, usinipitishe nyuma tena. Nipeleke mlango mkubwa."

Wakazunguka. Mama akaingia, akapita sebuleni bila kusifia chochote, akafika kwenye kile chumba. Akajiona kwenye kioo, yeye na gauni lake la kutokea. Akakaa kwenye benchi la kunyanyulia vyuma, mkoba mapajani.

"Toeni hivi vitu."

"Mama, vimefungwa sakafuni," kaka akasema. "Vigae vitaharibika."

"Viharibike."

Msanifu akamwomba fundi spana. Fundi akawapa mbili, akaondoka, akili zake zilimtuma vizuri. Ndugu wawili wakapiga magoti, kila mmoja upande wake wa mashine ya kukimbilia, bila kutazamana. Bolti zilikuwa zimekazwa kwelikweli. Kaka alikuwa akihema kabla ya ile ya pili, na Msanifu alikuwa na hasira mpaka spana ikawa inamteleza mkononi. Hasira na kaka, na Rula, na wifi aliyesimama mlangoni ameshika simu, na zaidi ya wote na yeye mwenyewe. Mama alikaa tu juu ya benchi lile kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, akiwatazama visogo.

Mashine ya kwanza ilipong'oka, kaka akajipangusa jasho. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, kesho asubuhi nitaleta gari nikachukue kitanda chako kwa mama mdogo."

"Sina kitanda," Mama akasema. "Nilikiuza pamoja na nyumba. Ulisema niuze vyote, kwako nitakuta kipya."