Kisogo cha Shemeji

Kinyozi anaweza kunyoa vichwa vya mtaa mzima, lakini kisogo chake mwenyewe kinamshinda. Atajipinda kama mtu anayewashwa katikati ya mgongo, na mwisho wa yote atajichimba shimo nyuma ya sikio. Ndiyo maana vinyozi hunyoana. Na ndiyo maana kwa miaka mingi, Jumapili jioni mteja wa mwisho akishatoka, Shemeji na Redio walikuwa wanashusha pazia la mlangoni, mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine anashika mashine, halafu wanabadilishana.

Redio aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Shemeji aliitwa Shemeji kwa sababu aliwahi kumuoa dada yake Redio. Dada mtu alishaondoka zamani, akaolewa kwingine, akazaa huko. Ndoa ikafa, ushemeji ukabaki, na wateja wakaudaka hivyo hivyo. Watu wazima na akili zao, wasiomjua huyo mke hata kwa sura, wakawa wanamwita Shemeji. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwita chochote. Wiki nzima yeye ndiye alikuwa anagusa watu. Jumapili tu ndiyo alikuwa anaguswa.

Balaa lilianzia mbele. Paji la uso lilianza kupanda taratibu, kama jirani anayesogeza mpaka wa shamba. Redio akapata cha kutangaza. Kila mteja aliyekaa alielezwa kwamba Shemeji anajenga uwanja wa ndege, kufyeka kumekwisha, zimebaki taa. Utani wa mashemeji huo, hauna kesi. Shemeji alicheka kuliko wote. Akifika chumbani kwake alikuwa anasimama mbele ya kioo, hacheki tena, anapima kwa vidole umbali kutoka kwenye nyusi.

Akaaga kwamba mjomba wake anaumwa, akasafiri. Mjomba alikuwa mzima kama chuma. Huko alikokwenda, kwa daktari wa kupandikiza nywele, walimlaza kifudifudi, wakamchoma ganzi, wakazing'oa nywele za kisogoni mzizi kwa mzizi na kuzipanda mbele, vile mkulima anavyohamisha miche. Miche ilishika. Baada ya miezi kadhaa mbele kukawa na nywele za kijana wa sekondari. Kilichokufa ni kitalu. Walichota kwa pupa, kisogo kikabaki na mabaka kama sweta lililoliwa na nondo, katikati yake vidoa vyeupe vya makovu, na sehemu nyingine haina hisia kabisa. Ukigusa hapo ni kama umemgusa mtu mwingine.

Yule daktari alimwambia awe na subira, kisha akaacha kupokea simu. Daktari wa pili, aliyemwendea kwa kujificha, hakumzungusha: mzizi uliong'olewa haurudi. Afuge ziwe ndefu kidogo zifunike, au achorwe nukta za wino zinazofanana na vinyweleo. Wino aliuogopa. Akanunua kichupa cha unga mweusi wa kunyunyizia, ule unaong'ang'ania nywele zilizobaki na kuziba mapengo. Ulimpendeza sana mpaka alipotokwa jasho. Kola ya shati ikawa kama ya muuza mkaa. Basi akahamia kwenye kofia, akawa haivui hata anapokula peke yake, kana kwamba ukuta utakwenda kusema.

Kumwambia Redio? Umwambie Redio saa tatu, saa nne mjomba mgonjwa ameshajua. Zile nywele za mbele, zilipoota, alisema ni mafuta fulani kapewa. Jumapili ya kwanza tangu arudi akasema kichwa kinamuuma. Iliyofuata akasema ana haraka. Haraka ya kwenda wapi, hata yeye hakujua. Alizunguka tu mitaani mpaka taa za maduka zikaanza kuzimwa, akarudi kwake.

Akawa anajinyoa mwenyewe. Kioo kimoja ukutani, kingine mkono wa kushoto, mashine kulia. Mkono ukienda huku, kioo kinasema kule. Mstari wa shingoni ukatoka umepinda, nao ndio pekee uliochungulia chini ya kofia.

Sasa kinyozi anasoma shingo ya mtu kama wewe unavyosoma bango. Redio alipouona ule mstari hakuwaza ugonjwa, wala hakuwaza kioo. Aliwaza mkono wa kinyozi mwingine. Na kwa vinyozi, bora mwenzako akuchongee kwa mwenye nyumba kuliko ampelekee mtu mwingine kichwa chake. Tena mkono wenyewe mbovu.

Hakuuliza. Alipunguza sauti tu. Kwanza akaacha habari za uwanja wa ndege, kisha za mpira, mwishowe akawa anamuuliza mteja apunguze kiasi gani, basi. Jumatatu moja akaja keshanyolewa kwingine. Wateja wakawa wanauliza kama betri zimeisha. Viti viwili, mashine mbili zinanguruma, na Shemeji katikati ya watu akijisikia kama yuko kisimani.

Jumapili ile Redio alianza kufungasha mashine zake, anazungushia nyaya polepole. Alisema amepata kiti kwenye saluni ya kona, anaanza kesho. Shemeji akamuuliza kwa nini kule, watu wenyewe hawajui hata kuchonga ndevu.

"Si ndiko unakonyolewa?" Redio akasema bila kugeuka. "Nikasema, kama shemeji yangu amewaamini, na mimi niende nikajifunze."

Shemeji alifungua mdomo amwambie sivyo. Ila hiyo "sivyo" ingehitaji ushahidi, na ushahidi alikuwa ameuvalia kofia. Kisha akashusha pazia, akakaa kwenye kiti, akavua.

Redio alikuja nyuma yake. Kwenye kioo Shemeji aliona uso wake ukitafuta utani na kuukosa.

"Panauma?"

"Hapana. Hapo ulipogusa sisikii kitu."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia."

Mkono ukabaki pale aliposikia, kitambo kidogo. Redio akatoa tena mashine aliyokuwa ameshaifungasha. Hakushusha nywele zote, alizipunguza pembeni na chini, palipojaa palingane na palipopwaya, akaacha urefu juu ya mabaka ulale na kuyafunika, akaunyoosha mstari wa shingo. Halafu akasema, "Ungeniambia."

"Ungetangaza."

Redio akafikiri. "Ningetangaza," akakubali. "Lakini ningekunyoa kwanza."

Wakacheka kidogo, wote wawili wakitazama chini. Shemeji akadhani yamekwisha. Akainuka ampishe, wabadilishane kama zamani, lakini Redio alikuwa anakung'uta shuka la kunyolea, na kichwa chake kilikuwa bado kipya kwa mkono wa mtu mwingine.

"Kule nimeshatoa neno, shemeji. Kuna mtu ameondolewa kwa ajili yangu. Siwezi kuligeuza."

Shemeji akasema anaelewa. Alimsaidia kubeba begi mpaka mlangoni.

Nywele hazina habari na ya watu, ziliota. Mabaka yakaanza kuchungulia tena. Shemeji alisimama mbele ya vioo vyake viwili, akaviweka chini. Jumapili mchana, wakati watu wamejaa, akaenda saluni ya kona, akakaa kwenye benchi na wengine. Redio alikuwa kazini, amewashwa hadi mwisho, anawaeleza watu wasiofahamiana na Shemeji habari za mpira. Hakumwona, au alimwona na foleni ikawa foleni.

"Anayefuata," Redio akaita.

Shemeji akaenda kwenye kiti. Benchi zima lilikuwa nyuma yake. Akavua kofia.