Mama Viputo na Tone la Mwisho

Maabara nzima walimwita Mama Viputo, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Miaka kumi na minane alikuwa akiwafokea wanafunzi kwa kosa lilelile: kutumia maji ya chumvi yaliyotoka friji moja kwa moja. Yakipata joto hutoa kiputo cha hewa, na kiputo kikikwama kwenye mfereji wa chipu ya kupimia damu, mwembamba kama unywele, damu haisogei sawasawa. Hapo majibu ni ya kutupa.

Leo kosa hilo alilifanya yeye. Alikuwa na haraka, maana damu ilikuwa ya mjukuu wake wa miaka miwili, na binti yake alikuwa kwenye benchi la nje, mtoto mapajani. Binti na mumewe wote wamebeba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuugua. Mtoto akiwa amerithi kwa baba na kwa mama, ataugua maisha yake yote.

Ndani ya chipu ile ya kioo, ndogo kuliko kidole gumba, umeme huivuta damu. Himoglobini, rangi nyekundu ya damu, ikiwa nzima hukimbia mbele, ya selimundu hujikokota nyuma. Mstari mwekundu wa mbele ukionekana, mtoto yuko salama. Ukionekana wa nyuma peke yake, anaumwa.

Ulionekana wa nyuma peke yake. Akaichungulia chipu kwa darubini. Kisha akakiona kiputo kimejibanza kwenye kona ya mfereji, akacheka peke yake kama mwehu.

"Kumbe ni wewe, mshenzi!"

Lilibaki tone moja la damu. Akachukua chipu mpya. Safari hii aliibana chupa ya maji kwapani mpaka ikapata joto na viputo vikatoka humohumo, akamimina polepole, akawasha umeme. Mlango ukagongwa.

"Mama, bado?" binti yake aliuliza kwa nje.

"Bado kidogo, mwanangu. Mtoto ameamka?"

"Ameamka, anamuulizia bibi yake."

Mstari ukatokea nyuma. Akausubiri wa mbele dakika tano, akausubiri kumi. Haukuja. Akainamia darubini, akaufuata mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho, kona kwa kona, akimwomba Mungu amwonyeshe kiputo, hata kimoja tu.

"Mama?"

Mfereji ulikuwa safi. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kuandaa chipu safi kama ile.