Ndege ya Chuo Imetua Denby

Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya timu ya mume wangu ya futiboli ya Kimarekani kushindwa mechi ya saba kati ya tisa, nilikuta kibao cha NYUMBA INAUZWA kimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba yetu. Kilikuwa cha tatu msimu huo; ndivyo mashabiki wanavyomwambia kocha ahame. Nikakichomoa nikiwa bado na gauni la kulalia, nikakitupa gerejini juu ya wenzake, nikarudi jikoni kukaanga mayai. Maganda yakaingia kikaangoni, nikayaacha.

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Watu wa Colburn, mji wetu wa chuo, hudhani mke wa kocha ana ngozi ya kiboko, kwa sababu kila Jumamosi wananiona jukwaani nimevaa rangi za chuo, natabasamu huku watu elfu arobaini wakimzomea mume wangu. Hawajui kwamba tabasamu lile nalishikilia kwa meno. Hollis amemwaga unga mara tatu tangu tuoane, vyuo vitatu, majimbo matatu, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Mara ya kwanza nilisikia redioni, nimepanga foleni dukani na tikiti maji kifuani. Tangu siku hiyo redio ikiwashwa naizima.

"Kibao kingine?" Hollis aliuliza, akivuta sahani yake.

"Kingine. Safari hii ni cha dukani, kina hadi namba ya simu."

"Basi piga tujue wanatoa ngapi."

Sikucheka. Hiyo ndiyo shida ya mume wangu, hana haraka na mtu yeyote. Mrushaji wake mkuu ni kijana wa mwaka wa kwanza anayewarushia mpira wapinzani kana kwamba ndio waliomlea. Hollis anasema mpe muda. Odell Gaither, kocha wake wa ulinzi, Jumamosi ile alikuwa ameruhusu alama hamsini na mbili. Mpe muda. Vijana aliowasajili alipofika hapa wataiva mwaka kesho, anasema, kama vile mwaka kesho ameshauweka kabatini.

Hollis na Odell wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Mmoja akipata chuo, anamchukua mwenzake. Mimi na Verna, mke wa Odell, tunakaa viti vya jirani kila mechi, na tuna maboksi ya kuhamia tuliyoyanunua kwa pamoja tukiwa bado Kansas. Hatujawahi kuyatupa. Yamekunjwa na kuegeshwa gerejini kwangu, nyuma ya mashine ya kufulia, yameandikwa Pruett kwa wino mwekundu na Gaither kwa wa buluu, mji juu ya mji.

Saa nne Verna akapiga simu.

"Shoga, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Ndege imeruka."

Ndege ya chuo ina namba mkiani, na yeyote mwenye simu anaweza kuifuata inakokwenda. Ikifika Novemba na timu ikawa mbovu, mji mzima unaitazama, maana Bascom, mkurugenzi wa michezo, haendi mbali bila sababu, na wakati huo sababu huwa kocha mpya. Tulikaa kwenye simu kwa muda wa karibu saa mbili, mimi na Verna, kila mmoja akitazama kwenye skrini kidude cha ndege kikitambaa kuelekea magharibi. Kikapita Mississippi. Kikapita Louisiana. Nilikuwa naomba kigeuke. Kikatua Denby, Texas.

"Trey Maddox," Verna alisema taratibu.

Maddox anafundisha chuo cha Denby. Ana miaka thelathini na nne, na msimu huo hakuwa amepoteza hata mechi moja. Kabla ya chakula cha mchana watu walikuwa wameshaibandika picha yake mtandaoni akiwa amevaa kofia yetu.

"Usilie, shoga," Verna alisema. "Tutaondoka pamoja kama tulivyokuja. Nenda kaangalie kama panya hawajala maboksi."

Nilikwenda. Panya hawakuwa wameyagusa. Nikasimama pale nikiyatazama majina yetu, na Hollis alipokuja kula mchana nikamwambia jambo ambalo kila mke wa kocha analijua na hapendi kulitamka.

"Mtoe Odell."

Aliweka uma chini. "Unasema nini?"

"Watu wanataka damu. Wape ya Odell, wewe utapata mwaka mmoja. Makocha wote wanafanya hivyo, Hollis. Wewe tu ndiye unayejifanya mtakatifu."

"Ni rafiki yangu."

"Na mimi ni nani yako?"

"Ndege ina sababu elfu za kwenda Denby, Nadine."

"Denby kuna ng'ombe na Trey Maddox. Bascom hajaenda kununua ng'ombe."

 Nilimwona akigeuza glasi ya chai baridi mezani, akiigeuza tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona hofu usoni kwake. Ilikuwa yangu. Nilimwambukiza, na Mungu anisamehe, nilipumua.

Alimfukuza Odell Jumanne asubuhi. Aliporudi nilimuuliza Odell amesemaje.

"Hakubishana. Aliuliza kama wewe unajua."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unajua."

Jumatano alasiri Lyle Bascom, mkurugenzi wa michezo, aligonga mlango. Nilimwona dirishani nikajua kuna jambo, maana bosi hafiki nyumbani kwa kocha kuja kusalimia. Alikaa sebuleni bila kuvua koti. Nilimpa kahawa. Hakuigusa.

"Kocha, nitasema kwa ufupi," alianza. "Bodi ya chuo iligawanyika nusu kwa nusu juu yako. Wanne wanakutaka, wanne hawakutaki. Wa tisa ni bibi mmoja, Eudora Tate. Amezeeka, anaishi kwa binti yake Denby, na mambo mazito hayazungumzi kwa simu. Jumatatu nilikwenda kumpigia magoti."

Hollis alisogea mbele kwenye kiti. Mimi ndiye niliyesema, "Denby?"

"Denby, shemeji. Nilikaa naye mchana kutwa. Akauliza kwa nini amvumilie kocha anayeshindwa. Nikamwambia huyu hatupi watu. Wenzake maji yakiwafika shingoni wanatoa msaidizi kafara, yeye hajafanya hivyo hata mara moja. Nikamwambia, mpe muda uleule anaowapa vijana wake. Bibi akakubali. Miaka miwili, Kocha. Niliondoka pale na miaka miwili."

Hollis alivua kofia, akaiweka gotini.

"Leo asubuhi amesoma gazetini habari ya Odell," Bascom alisema. "Ameniuliza kama huyu ni yule yule niliyemsifia. Kura yake ameirudisha mfukoni mpaka msimu uishe."

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Mji huu hauna siri, shemeji. Na nilidhani Hollis ndiye mtu pekee Colburn asiyeitazama ile ndege."

Alipoondoka nilimsubiri mume wangu anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Alichukua simu, akampigia Odell, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Kisha akavaa kofia yake akaenda mazoezini, na hakunitazama hata alipopita karibu yangu mlangoni.

Alhamisi gari la Verna liliingia uani. Nilitoka nikiwa na maneno yangu niliyoyapanga usiku kucha, yakapotea yote. Alinipita, akaingia gerejini, akasogeza mashine ya kufulia kwa nyonga kama alivyofanya miji yote ile, akaanza kuyatoa maboksi. Aliyatenga moja moja, wino wa buluu huku, mwekundu kule.

"Verna, nilijua ndege imekwenda kwa Maddox. Wote tulijua. Wewe ndiye uliyenipigia."

"Ndiyo, ni mimi."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa," alisema. "Nikakupigia wewe."

Alibeba mzigo wake hadi garini, akarudi kwa mwingine. Nilitaka kumsaidia, nikabaki mlangoni. Alipomaliza, nusu ya maboksi ilibaki imeegemea ukuta, karibu na vile vibao vitatu.

"Chukua yote," nilimwambia. "Tafadhali. Utayahitaji."

"Haya ni yenu." Alijifuta vumbi mikononi, akayatazama kidogo. "Yapandishe juu ya kitu, Nadine. Ya chini yameanza kuloa."

Miaka kumi na tisa alikuwa akiniita shoga. Nilisubiri aliseme neno hilo, hata akiwa ameshaingia garini, hata gari lilipokunja kona. Kisha nikatafuta matofali, nikaanza kuyapandisha.