Muulize Seva Mwenyewe

Kijana wa kompyuta walimwita Tayari, maana hujamaliza kumtuma ameshasema "tayari". Ndiye aliyetunza tovuti ya shangazi yake, fundi cherehani anayeuza magauni.

"PHP, ile lugha inayoendesha kurasa zako, nimeipandisha, Shangazi. Toleo la nane."

"Mbona ukurasa wa vipimo haufunguki?"

"Simu yako imezeeka."

Lo! Kumwambia hivyo ni sawa na kumwambia kazeeka yeye. Shangazi akaendelea kulipiga pasi gauni la waridi. Tayari, ulimi hauna mfupa, akaapa kiapo chake cha kila siku: "Nikikosea, nivae gauni!"

"Na picha tuiweke mbele ya tovuti," shangazi akasema.

"Weka!"

Alijiamini mno. Wakwe zake watarajiwa, jamani, walichagulia nguo humo humo.

Akafungua kidirisha cheusi cha amri, akauliza toleo. Kikajibu nane. Akawageuzia skrini mafundi wote walioshonea hapo kwa shangazi, kifua mbele.

"Hapo umemuuliza nani?" shangazi akauliza taratibu.

"PHP."

"Ipi? Ya kidirisha, au ile aliyoibeba seva tumboni?"

Tayari akaigeuza skrini upande wake. Kweli, kidirisha kina yake na seva, ile kompyuta inayowapa wateja kurasa, ana yake, na hizo mbili zaweza kupishana miaka zisijuliane hali. Tena aliyemfundisha shangazi hayo ni yeye mwenyewe, mwaka jana, kwa mbwembwe: "Ya nyumba ya mtu usimuulize jirani. Muulize seva mwenyewe." Akamwekea na ukurasa mdogo wa kumuulizia.

Shangazi akaufungua ukurasa huo kwenye simu yake iliyozeeka. Seva akajibu bila haya: toleo la saba.

Mafundi wakaangua kicheko, mmoja akaangusha mkasi.

"Nilisahau tu kumwelekeza seva kwenye jipya! Dakika moja, Shangazi!"

Akarekebisha, akamwasha seva upya, akauliza tena. Nane. Ukurasa wa vipimo ukafunguka. Tayari akashusha pumzi, akajaribu bahati yake.

"Basi yaishe. Hata hivyo gauni gani litanienea, na mabega haya?"

Shangazi akazima pasi. Akalishika lile la waridi mabegani, akalikung'uta, akamwekea kifuani. Lilimkaa sawasawa.

"Juzi nilipokupima, mwanangu," akasema, "ulidhani nakushonea shati?"